Kabla mzazi hajalazwa: namna ya kuweka sawa bima, fedha na matunzo ya familia

Usiku mama alipopatwa na kiharusi tulikuwa watoto watatu pale mapokezi ya hospitali, na kila mmoja alijua kipande chake. Dada alijua mama ana bima, ila kadi hakujua iko wapi. Kaka alijua mama anatumia dawa ya shinikizo la damu, lakini jina la dawa na kipimo chake hakuvijua. Mimi nilijua ana akiba benki, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na ruhusa ya kuigusa. Mama, aliyekuwa akiyajua yote, hakuweza kutamka neno. Wiki nne zilizofuata tulizimaliza tukihangaika na karatasi, na hizo ndizo wiki tulizopaswa kukaa kando ya kitanda chake.

Mwongozo huu umetokana na wiki hizo na miaka ya kumtunza iliyofuata. Sheria za nchi hutofautiana, hivyo majina kamili ya hati na ofisi utamwuliza wakili au afisa wa bima wa huko uliko. Mpangilio wa kazi hauhitilafiani sana. Ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: mtu atakayeamua kwa niaba ya mgonjwa achaguliwe na mgonjwa mwenyewe, apewe mamlaka kwa maandishi, na aelezwe mgonjwa anataka nini. Hayo matatu yafanyike mgonjwa akiwa bado mzima.

Hatua ya kwanza: zungumzeni, na msianzie kwenye mali

Mzazi akisikia "una akiba kiasi gani?" anaweza kudhani watoto wameanza kumhesabia siku. Anzia kwenye ugonjwa. "Mama, ukilazwa ghafla, ungependa daktari azungumze na nani kati yetu?" Swali hilo lina jibu fupi, halimdhalilishi, na likishajibiwa maswali mengine hufuata yenyewe. Akisema, "Haya mambo ya mauti msiniletee," mjibu kwa upole: "Sijaja na mauti, mama. Nimekuja na kulazwa tu."

Njia iliyonisaidia mimi kwa wazee wengine wa ukoo ni kuanza na mambo yangu. Nilikwenda na daftari langu, nikasema: "Mjomba, nimeandika ya kwangu, naomba uyapitie uniambie kama nimesahau kitu." Alisoma, akasahihisha mawili, na wiki iliyofuata akaniita nikamwandikie ya kwake.

Ndugu wote waambiwe kuwa mazungumzo yamefanyika, hata aliye mbali. Anayepata habari mwishoni hudhani kuna kilichofichwa, na dhana hiyo huwa chungu kuliko gharama za matibabu.

Hatua ya pili: daftari moja

Daftari, au faili la karatasi, lenye mambo haya: majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho na namba zake, kila hati ya bima, kampuni yake na tarehe ya kulipa ada, benki na aina za akaunti, madeni, ya kudai na ya kudaiwa, hati za nyumba na ardhi zilipo, pensheni, wosia ulipohifadhiwa, na orodha ya dawa zenye kipimo, saa za kunywa na mzio wowote. Orodha ya dawa iwe na tarehe, kwa sababu dawa hubadilika, na orodha ya mwaka jana inaweza kumdhuru mgonjwa.

Namba za siri za benki zisiandikwe humo. Andika tu kwamba akaunti ipo. Ruhusa ya kuifikia hupatikana kwa njia nitakayoieleza hatua ya nne, na namba ya mtu mwingine ukiitumia kisirisiri unaweza kujikuta unajibu mashtaka kwa jambo ulilolifanya kwa huruma.

Watu wawili wajue daftari lilipo. Mmoja hatoshi, maana huyo mmoja naye anaweza kuugua.

Hatua ya tatu: soma mkataba wa bima kabla hujauhitaji

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza fedha. Mkataba ni mrefu, maandishi ni madogo, na wakala aliyeuuza alieleza upande mtamu tu. Tenga jioni mbili. Unachotafuta ni hiki.

Kwanza, nani amekatiwa bima. Bima ya "familia" mara nyingi inamhusu mume, mke na watoto wa chini ya umri fulani. Wazazi hawamo mpaka waongezwe kwa majina. Mtoto akivuka umri huo anatoka kimyakimya, bila mtu kukupigia simu.

Pili, kipindi cha kusubiri. Mikataba mingi ya afya hailipii uzazi, upasuaji fulani au magonjwa yaliyokuwapo kabla mpaka miezi kadhaa ipite. Kwa hiyo kukata bima baada ya daktari kutaja ugonjwa ni kuchelewa, hata kama kampuni inakupokea.

Tatu, kiwango cha juu cha malipo kwa mwaka, na kiasi unachotakiwa kujilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Bima yenye ada ndogo huwa na kiasi hicho kikubwa. Si ubaya, mradi fedha hiyo unayo mahali.

Nne, yasiyofidiwa. Yasome mara mbili.

Tano, jina la mnufaika katika bima ya maisha. Tulipofungua hati ya mama tukakuta mnufaika ni baba, aliyefariki miaka mingi kabla. Angekufa usiku ule, fedha zingeingia kwenye mirathi na kusubiri taratibu zake, badala ya kumfikia aliyekusudiwa. Mnufaika huandikwa upya kwa fomu moja. Fanya hivyo kila panapotokea ndoa, talaka, uzazi au msiba, na andika mnufaika wa pili endapo wa kwanza atatangulia. Usidhani wosia utalisahihisha kosa hilo. Mara nyingi kampuni humlipa aliyeandikwa kwenye hati yake, hata wosia useme jina jingine. Ukimwandika mtoto mdogo, taja pia mtu mzima atakayemtunzia, vinginevyo fedha zinaweza kukwama mpaka mahakama imteue mtu.

Kuhusu fomu ya maombi nina neno zito. Andika kila ugonjwa unaoulizwa. Mawakala wengine husema, "Hiyo sukari usiitaje, ada itapanda." Ada itapanda kweli, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa huwaumbua wajane na yatima: kampuni ikigundua kilichofichwa inaweza kukataa kulipa baada ya miaka ya kuchukua ada. Msingi huu wa uaminifu una umri mrefu. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm huko London, jaji Lord Mansfield alieleza kuwa bima husimama juu ya pande zote mbili kuambizana ukweli. Na aliyeshindwa siku hiyo ni upande wa mwenye kutoa bima, kwa sababu mambo aliyolalamika kufichwa alikuwa na uwezo wa kuyajua. Ukweli unamfunga kila upande, na nakala ya fomu uliyoijaza ndiyo ushahidi wako. Itunze.

Bima ya nyumba ina mtego wake. Ukiikatia kiasi pungufu kuliko thamani yake, mikataba mingi hupunguza fidia kwa uwiano uleule. Nyumba ya thamani ya 100 iliyokatiwa 60, moto ukiharibu vitu vya 40, utalipwa 24, wala si 40. Watu hulia kwamba wameibiwa, kumbe sharti lilikuwamo. Kagueni thamani kila mwaka mnapolipa ada, hasa kama mmeongeza vyumba au bei za vifaa vya ujenzi zimepanda.

Tukija kwenye swali la nani akatiwe bima ya maisha kwanza, jibu langu ni yule ambaye mshahara au kazi yake ndiyo inayowalisha wengine. Wazazi wengi huanza na watoto kwa mapenzi, na mapenzi yao nayaheshimu, lakini kifo cha mlishaji ndicho kinachowatoa watoto shule. Mkataba wa kinga tupu, wa muda maalumu, huwa na ada ndogo kuliko ule unaochanganya kinga na akiba. Ukiuchagua ule wa kuchanganya, jua kwamba ukiuvunja miaka ya mwanzo mara nyingi utarudishiwa pungufu ya ulichotoa.

Hatua ya nne: mamlaka ya kusaini

Ndoa haikupi moja kwa moja haki ya kutoa fedha kwenye akaunti ya mwenzio, na uzazi haumpi mtoto haki hiyo. Kinachotoa mamlaka ni hati ya uwakilishi, ambayo kwayo mtu mwenye akili timamu humteua mwingine amsimamie mambo yake.

Katika hati hiyo kuna swali moja la kumwuliza wakili kabla ya yote: je, itaendelea kuwa na nguvu mzazi akipoteza uwezo wa kuamua? Sheria ya kale ya Uingereza, ambayo nchi nyingi zilirithi, iliifanya hati ife pale mwenyewe anapopoteza akili, yaani saa ileile inapohitajika. Uingereza ililirekebisha hilo kwa sheria ya mwaka 1985, kisha ikaja sheria mpya ya mwaka 2005 inayohusu pia maamuzi ya afya na matunzo. Si kila nchi imefanya hivyo. Kama sheria ya kwenu haijabadilika, wakili atakuonyesha njia nyingine, na ni heri kuijua leo.

Uliza pia kama hati moja inatosha kwa fedha na kwa matibabu, au zinatakiwa mbili. Na kumbuka kwamba uwakilishi hukoma mwenyewe anapofariki. Kuanzia hapo kazi ni ya msimamizi wa mirathi, na mtoto anayeendelea kutoa fedha benki kwa hati ya zamani, hata kwa ajili ya mazishi, anavunja sheria.

Wengi hukwepa shughuli hii kwa kumwingiza mtoto mmoja kwenye akaunti ya pamoja. Ni rahisi, na ndiyo sababu inanitia wasiwasi. Fedha za mzazi zinaweza kufikiwa na wadai wa mtoto huyo, na mzazi akifariki benki inaweza kumhesabu aliyebaki kuwa ndiye mwenyewe. Nimeona ndugu waliolelewa kitanda kimoja wakiacha kusalimiana kwa jambo hilo. Kama benki inakubali mtia saini aliyeidhinishwa bila kuwa mmiliki, hiyo ni bora.

Nani ateuliwe? Si lazima awe mkubwa, wala mwenye fedha. Awe mtu anayejibu simu, anayeweka hesabu, na anayeweza kumwambia daktari "naomba unieleze tena" bila aibu.

Hatua ya tano: fedha za kila mwezi

Andikeni kinachoingia na kinachotoka kwa miezi mitatu. Kisha wekeni akiba ya dharura, inayotosha matumizi ya miezi mitatu hadi sita, mahali inapoweza kutolewa siku hiyohiyo. Kama miezi mitatu ni mbali, anzeni na kile kiasi mnachotakiwa kujilipia kabla bima haijaanza.

Madeni yenye riba kubwa yatangulie kulipwa. Gawanya 72 kwa riba ya mwaka, utapata kwa makadirio miaka ambayo deni lisiloguswa litakuwa mara mbili: kwa asilimia 24 ni miaka 3. Na usitie saini kama mdhamini wa deni la hospitali kwa haraka ya mapokezi bila kusoma. Kumpeleka mgonjwa na kukubali kulipa deni lake ni mambo mawili, ingawa fomu huweza kuyaweka kwenye karatasi moja.

Fedha za matunzo ziwe na akaunti yake na hesabu yake. Kila mwisho wa mwezi, anayezisimamia atume kwenye kundi la familia: zilizoingia, zilizotoka, risiti. Nilianza kufanya hivyo kwa uchungu kidogo, nikiona kama ndugu zangu hawaniamini. Baada ya miezi miwili michango ikaanza kuja kabla sijaomba.

Hatua ya sita: matunzo

Kabla ya kubishana mzee akae kwa nani, pimeni anaweza nini. Mwaka 1963 daktari Sidney Katz na wenzake nchini Marekani walichapisha kipimo kinachotumika mpaka leo, chenye mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Kwa kila moja jiulizeni: anaweza peke yake, au anahitaji mtu? Mkishaandika majibu, mabishano hupungua, maana anayesema "mama yuko sawa" na anayesema "mama hawezi kitu" mara nyingi wanaona saa tofauti za siku. Bima za matunzo ya muda mrefu nazo hutumia orodha ya namna hii. Marekani, kwa mfano, mikataba mingi huanza kulipa mtu anaposhindwa mambo 2 kati ya 6.

Sasa hesabuni saa. Nani anaamka naye usiku? Nani anampeleka kliniki? Katika familia nyingi kazi hiyo humwangukia binti mmoja, au mkwe, kwa sababu tu yuko karibu, na wengine hutuma fedha wakidhani wamemaliza. Hawajamaliza. Aliyeacha kazi kumtunza mzazi alipwe posho na familia, iandikwe, na apate siku zake za mapumziko kwa ratiba. Ndugu aliye mbali anaweza kushika kazi zisizohitaji mwili wake: kufuatilia madai ya bima, kulipa ankara, kuagiza dawa, kuzungumza na mama kwa simu kila jioni ili mtunzaji apumzike kidogo.

Kama mtaajiri mtu, makubaliano yaandikwe: saa, malipo, likizo, na nini afanye mgonjwa akianguka. Kama ni nyumba ya kulelea wazee, nendeni bila taarifa, saa ya chakula, mkaangalie wale wasioweza kujilisha wanahudumiwaje. Hapo mtaona zaidi ya yaliyomo kwenye kipeperushi.

Hatua ya saba: maamuzi ya matibabu

Wahenga wamesema mgonjwa haulizwi uji. Kwa uji nakubali. Kwa upasuaji, mashine ya kupumulia na dawa kali, mgonjwa aulizwe maadamu anaweza kujibu. Sheria ile ya Uingereza ya 2005 ina kanuni ninayoipenda: mtu hahesabiwi kuwa hana uwezo wa kuamua kwa sababu tu uamuzi wake si wa busara. Tena uwezo hupimwa kwa jambo husika. Mzee aliyesahau ni siku gani ya wiki bado anaweza kujua vizuri kwamba hataki kukatwa mguu.

Mkiwa na daktari, ulizeni: Tiba hii inakusudia kuponya, kurefusha siku, au kupunguza maumivu? Tusipoifanya, nini kitatokea? Baada yake ataweza nini katika yale mambo sita? Andikeni majibu papo hapo, maana hofu hufuta kumbukumbu, na ndugu watatu waliosikia daktari mmoja watatoka na habari tatu.

Msiogope kuuliza kuhusu tiba shufaa, ile inayoshughulikia maumivu, pumzi, usingizi na hofu. Wengi huisikia kama hukumu ya kifo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Daktari Mwingereza, Dame Cicely Saunders, alipofungua St Christopher's Hospice, makao ya kutunzia wagonjwa wa tiba ya namna hii, mjini London mwaka 1967 aliijenga juu ya wazo kwamba mgonjwa anapaswa kuishi mpaka siku ya mwisho. Mwaka 2010 madaktari wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa: waliopewa tiba shufaa mapema, pamoja na tiba ya kawaida, waliishi vizuri zaidi, na kwa wastani muda mrefu zaidi, miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Kwa hiyo iombeni mapema, tiba nyingine ikiendelea.

Hatua ya nane: kudai

Toa taarifa kwa kampuni ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Muda ukipita, dai zuri hufa. Peleka nakala, baki na hati halisi inaporuhusiwa, na kila simu iandikwe: tarehe, saa, jina la uliyezungumza naye, alichosema. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi zikitaja kifungu cha mkataba. Dai letu la kwanza lilikataliwa kwa simu. Tulipoomba kifungu, hakikupatikana, na baada ya wiki tatu likalipwa. Kampuni ikishikilia, ulizia mamlaka inayosimamia bima nchini mwako, ambako malalamiko hupokelewa.

Mama alirudiwa na maneno taratibu. Siku alipoweza kushika kalamu kwa mkono wa kushoto tulimwita wakili nyumbani. Alimteua dada, akamweka kaka kuwa wa pili, akabadilisha mnufaika, kisha akaomba daftari alisome mwenyewe. Kwenye orodha ya dawa alikuta kosa la kipimo, akalikata kwa mstari uliopinda na kuandika kipimo sahihi pembeni. Tangu siku hiyo tunalifungua daftari kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na yeye ndiye anayeanza kusoma.